Edita ya bure ya Python kazini: bei tunaijua, masharti hatuyasomi

Tangu JetBrains waunganishe matoleo yao mawili ya PyCharm, edita yao (yaani programu ya kuandikia msimbo) ya lugha ya Python, Community ya bure na Pro ya kulipia, kuwa moja, kwenye toleo la 2025.1 lililotoka Aprili 2025, watu wa Python wamegawanyika makundi mawili na kwa maoni yangu yote mawili yameelewa vibaya. Kundi moja linashangilia kwamba PyCharm ya kulipia sasa imekuwa bure. Lingine linalalamika kwamba Community imeuliwa, kwa hiyo kama unaandika Python kazini chagua mwenyewe, ulipe au uhamie VS Code, edita ya bure ya Microsoft. Kilichotokea ni kwamba sasa unapakua programu moja tu, ukiifungua mara ya kwanza unapewa mwezi mmoja wa Pro bila kulipa, mwezi ukiisha vitu vya Pro vinafungwa, yaani mambo kama Django (mfumo wa kutengenezea tovuti), database na kufanyia kazi kwenye seva ya mbali, halafu unabaki na kiini ambacho ni bure hata kwa kazi inayokuingizia hela, na ndani yake wameongeza Jupyter, yaani daftari zinazoweka msimbo na matokeo yake pamoja, ambayo zamani kwenye Community ulikuwa huwezi kuihariri. Community kama toleo la peke yake imeishia 2025.2. Basi. Hakuna aliyezawadiwa Pro na hakuna aliyefukuzwa.

Ila mkanganyiko wenyewe unasema kitu. Makundi yote mawili yalikuwa yanaangalia bei, na bei ndo kitu rahisi kuliko vyote kwenye hili suala. Ninachosema mimi ni hiki: ukiwa kazini, kuulizana "edita gani ya bure ni nzuri kwa Python" hakukupeleki mbali kwa sababu karibu zote zinazotajwa zinatosha kuandika Python ya kueleweka. Mambo mawili ndo yana uzito. La kwanza, ukibonyeza ile "nakubali" umekubali masharti gani, na umeyakubali kwa jina la nani, maana laptop ni ya mwajiri na msimbo ni wa mwajiri. La pili, hayo masharti yakibadilika mwakani, kuhama kutakugharimu kiasi gani. Timu ikishajibu hayo mawili, ubishi wa edita unapungua sana, karibu unakuwa ni suala la mtu anapenda nini.

Tuanze na neno bure lenyewe maana limebeba vitu vingi visivyofanana. Kuna edita ambazo ni programu huria moja kwa moja, msimbo wake uko wazi na leseni haikuulizi unafanya kazi wapi. IDLE inayokuja na Python yenyewe iko hapo, Thonny iliyoanzia Chuo Kikuu cha Tartu kule Estonia iko hapo, Spyder ambayo watu wa data na sayansi wanaipenda kwa sababu unaona vigezo vyako vyote pembeni kwenye jedwali iko hapo, Vim na Neovim, GNU Emacs ambayo ipo tangu 1985. Kuna ambazo ni bure kutumia hata kazini lakini unachopakua kina leseni ya kampuni, VS Code na PyCharm ya sasa zinaangukia humu. Kuna ambazo ni bure ilimradi huzitumii kibiashara, ndo mpango ambao JetBrains walianza nao Oktoba 2024 kwa WebStorm na Rider, na hapa wengi wanajikwaa kwa sababu wakisikia "JetBrains wametoa bure" wanadhani sheria ni moja kwa bidhaa zote. Halafu kuna Sublime Text, ambayo unaweza kuijaribu bila kikomo cha muda ila masharti yake yanasema ukiendelea kuitumia ununue leseni, na watu wanaiweka kila siku kwenye orodha za edita za bure. Siyo ya bure. Kwamba haijifungi hakuigeuzi kuwa ya bure.

VS Code inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu ndo wengi wanaitumia, kwenye ule uchunguzi wa 2024 wa Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa msimbo, zaidi ya asilimia 70 ya waliojibu walisema wanaitumia. Utasikia mtu anakwambia VS Code ni programu huria, msimbo wake uko GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, kwa leseni huria ya MIT. Hiyo ni nusu. Msimbo ulioko GitHub ndo huria, lakini lile faili unalopakua kutoka kwa Microsoft ni msimbo huohuo umejengwa na kuongezewa vitu vyao, ukatoka na leseni ya Microsoft na utumaji wa takwimu za matumizi ukiwa umewashwa mpaka uuzime mwenyewe. Ndo maana kuna VSCodium, watu wanachukua ule msimbo huria na kuujenga upya bila hizo nyongeza. Sasa kwa mtu wa Python jambo linazidi kunoga, kwa sababu VS Code ikiwa tupu haijui Python kiasi cha maana, akili yake yote ya Python inatoka kwenye plagini, yaani programu ndogo unazoongezea kwenye edita. Unainstoli plagini ya Python, inakuja na Pylance ambayo ndo inakupa mapendekezo unapoandika na kukukagulia aina za data, na Pylance siyo huria. Injini iliyo ndani yake, Pyright, ni huria, lakini Pylance yenyewe leseni yake inasema itumike kwenye bidhaa za Microsoft tu. Soko lao la plagini nalo lina masharti ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo yule aliyehamia VSCodium, au Cursor, au edita nyingine iliyozaliwa kutoka kwenye msimbo wa VS Code, halafu akatafuta njia ya kubeba Pylance kuipeleka huko, ametoka nje ya leseni hata kama kila kitu kinafanya kazi vizuri kwenye skrini.

Kama mtu anadhani hayo ni maandishi tu ya wanasheria, Aprili 2025 plagini ya Microsoft ya C na C++ iligoma ghafla kufanya kazi kwenye edita kama Cursor na VSCodium. Sharti lilikuwepo miaka mingi, halikuwa jipya, ila siku walipoamua kulisimamia, watu waliokuwa katikati ya kazi wakajikuta hawana kifaa. Ilikuwa C++ siyo Python, sawa, lakini Pylance inakaa chini ya sharti la aina ileile, na Cursor wenyewe baadae wakaja na plagini yao ya Python iliyojengwa juu ya basedpyright, tawi huria la Pyright.

Sasa hoja za pande zote. Upande wa wanaotaka timu nzima itumie edita moja una hoja nzito na sitaki kuipuuza. Mtu mpya anaelekezwa haraka, maelezo ya kuanzisha mradi yanaandikwa mara moja, ukikaa na mwenzako kutafuta kosa hupotezi dakika kumi unatafuta kitufe kiko wapi, na watu wa IT wana programu moja ya kuapdeti na kuikagua badala ya nane. Kwa timu ndogo yenye watu wanaojifunza bado, mimi mwenyewe ningewapa edita moja na kuwaambia tutaongea mengine baadae. Shida inaanza pale ambapo edita moja inageuka kuwa mahali ambapo sheria za mradi zinaishi. Nimeshaona hii kwenye timu na inachosha sana: mtu amebadilisha mistari miwili, unafungua mabadiliko yake uyapitie, faili zima limewaka nyekundu na kijani kuanzia juu mpaka chini. Unasoma mstari kwa mstari, unakuta alama za nukuu moja zimegeuzwa kuwa nukuu mbili kila mahali, kwa sababu edita yake imewekwa ipangilie msimbo kwa Black kila anaposevu na Black inapendelea nukuu mbili, wakati ya mwenzake haijawekwa kitu. Mistari miwili yenye maana imezama humo ndani. Wote wawili wana VS Code ileile, toleo lilelile. Kumbe usawa wa edita haukuleta usawa wa msimbo, kilichokosekana ni sheria iliyoandikwa kwenye mradi wenyewe.

Upande wa pili wanasema kila mtu atumie anachojua, mwandishi wa msimbo mzoefu ukimnyang'anya Vim umemrudisha nyuma miezi. Ni kweli, na teknolojia imewasaidia. Mwaka 2016 Microsoft walitangaza Language Server Protocol wakiwa na kampuni za Red Hat na Codenvy, kwamba akili ya lugha ikae kwenye programu ya pembeni na edita yoyote iongee nayo kwa utaratibu mmoja, na matokeo yake leo Pyright ileile inaweza kukukagulia msimbo ukiwa Neovim, Emacs au VSCodium. Pengo lililokuwepo zamani kati ya edita kubwa na ndogo limepungua mno. Halijaisha lakini, hilo lazima lisemwe: ukiwa na mradi mkubwa wa Python wenye faili mia kadhaa na unataka kubadilisha jina la darasa au kuhamisha funksheni kwenda moduli nyingine bila kuvunja kitu, PyCharm hata ile ya bure bado iko imara sana, na anayesema Vim yenye plagini sita ni sawasawa kabisa na hiyo anasema kwa mapenzi.

Kuna lawama nyingi zinazotupiwa edita ambazo hata siyo zake. Mfano ambao kila anayeanza Python anakutana nao: ameinstoli pandas kwenye terminali, akiendesha skripti inafanya kazi, ila akifungua VS Code ule mstari wa import una kiwavi cha rangi chini yake, edita inasema haijaiona hiyo maktaba. Anahitimisha edita ya bure ni mbovu. Aangalie pembeni chini kulia kwenye ule mstari wa hali, pameandikwa toleo la Python linalotumika, pengine ni Python ya kompyuta nzima wakati pandas aliiweka kwenye mazingira ya mradi, folda ile ya .venv. Akibonyeza pale na kuchagua intapreta (ile Python inayoendesha msimbo) iliyoko ndani ya .venv kiwavi kinaondoka. PyCharm inakuuliza intapreta mapema unapoanzisha mradi ndo maana watu wanadhani ina akili zaidi kwenye hili. Na Vim itakuonyesha kosa hilohilo usipoiambia mazingira yako wapi. Mtu asiyejua tofauti ya edita na intapreta atahama edita tano na tatizo atahama nalo.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo ninaisikia mara nyingi kuliko zote, ni ile ya "bure ni bure, nani atakuja kukagua?" Nikiichukulia kwa uzito wake, wanaoisema wana kitu kimoja cha kweli, kwamba mwandishi wa msimbo mmoja mmoja hafuatwi mlangoni kwa sababu ya plagini. Lakini kazini siyo yeye anayebeba jukumu, ni kampuni, na kampuni ina wateja wanaoleta wakaguzi wao, ina mikataba yenye kifungu kinachotaka programu zote ziwe na leseni halali. Halafu angalieni kilichotokea kwa Anaconda. Miaka mingi ilikuwa ndo njia ya kawaida ya kumpa mtu Python, Jupyter na Spyder kwa mpigo, watu wakaizoea kama maji ya bomba. Mwaka 2020 masharti ya matumizi yakabadilika, mashirika yenye wafanyakazi zaidi ya 200 yakatakiwa kulipia kutumia hazina yao ya vifurushi. Spyder yenyewe haikubadilika hata herufi moja, ni huria mpaka leo na unaweza kuipata kwa kifurushi chake cha peke yake au kupitia conda-forge, hazina ya vifurushi inayoendeshwa na jumuiya, lakini mtu aliyekuwa anasema "sisi tunatumia Spyder, ni bure" alikuwa ndani ya mkataba mwingine kabisa bila kujua, kwa sababu ya mlango alioingilia. Kwa hiyo kuuliza edita ni ya bure au vipi hakutoshi, uliza pia imeingia kwenye kompyuta kwa njia gani na imebeba nini. VS Code kwa mfano kwenye Windows ina toleo la mtumiaji mmoja lisilohitaji ruhusa ya msimamizi, ndo maana unaikuta ofisi nzima inaitumia na IT hawana habari.

Wanaotaka programu huria pekee nawaheshimu na kwenye sehemu nyeti, mahali ambapo msimbo hautakiwi kutoka kabisa, ningewafuata wao: VSCodium, basedpyright, Ruff ya kukagua na kupangilia msimbo, umemaliza. Ila wasiuze uhuru kama dawa ya kila kitu. Atom ilikuwa huria kwa leseni ya MIT, na GitHub walipoamua, Desemba 15, 2022 wakaifunga, waliokuwa wameijengea kazi zao ikabidi wahame au wafuate tawi la Pulsar lililobebwa na watu wa kujitolea. Leseni huria inakupa haki ya kuendeleza, haikupi watu wa kuendeleza. Usalama nao hivyohivyo: VSCodium inachukua plagini kutoka Open VSX, soko linalosimamiwa na Eclipse Foundation, na Oktoba 2025 watafiti wa usalama walikuta humo mdudu waliyempa jina GlassWorm, msimbo wake mbaya umefichwa kwa herufi za Unicode ambazo hazionekani hata ukifungua faili ulisome. Soko la Microsoft nalo limeshafuta plagini zenye madhara zaidi ya mara moja. Plagini ikishaingia inafanya kazi kwa ruhusa zako zote, inasoma faili unazosoma wewe, pamoja na ule .env wenye nywila za database. Tunabishana kuhusu edita, wakati mtu ana plagini thelathini zilizoandikwa na watu asiowajua na zinajiapdeti zenyewe usiku.

AI ndo imeongeza presha hapa. Desemba 2024 GitHub walileta ndani ya VS Code toleo la bure la Copilot, msaidizi wao wa AI wa kuandika msimbo, wakati huo ilikuwa na mapendekezo 2000 na meseji 50 za mazungumzo kwa mwezi, na kwa mtu binafsi ni zawadi nzuri kweli. Kwa mfanyakazi ni jambo jingine, kwa sababu ili ikupendekezee lazima vipande vya msimbo unaouandika viende kwenye seva zao, na masharti ya akaunti binafsi ya bure siyo yale ambayo kampuni inasaini ikilipia akaunti ya biashara. Mfanyakazi anayeingia na akaunti yake binafsi kwenye laptop ya kazi amefanya uamuzi ambao kawaida unapita kwa mwanasheria na mtu wa usalama, na ameufanya kwa kubonyeza mara moja. Sisemi AI izuiwe. Nasema uamuzi huo usiingie mlango wa nyuma kwa kisingizio kwamba edita ilikuwa ya bure.

Sasa kwa timu hii inamaanisha nini? Cha kwanza kabisa, kabla hata hamjataja jina la edita, toeni sheria za mradi kwenye edita mziweke kwenye mradi. Faili la pyproject.toml linabeba mipangilio ya Ruff, ya pytest inayojaribu msimbo, ya Pyright au mypy zinazokagua aina za data, yote pamoja, na linakaa na msimbo kwenye Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko. Upangiliaji na ukaguzi uendeshwe kwa amri kutoka terminali, na seva inayojaribu msimbo kabla haujaunganishwa iendeshe amri hizohizo. Ni kazi ya siku moja au mbili kwa mradi wa kawaida na hakuna pesa inayotoka. Ikishafanyika, zile nukuu moja na nukuu mbili zinaisha, awe anatumia PyCharm au Emacs, na siku JetBrains au Microsoft wakibadilisha kitu mnabadilisha programu, hambadilishi utaratibu wa kazi.

Baada ya hapo kuchagua kunakuwa kwepesi na majibu yangu hayana siri. Timu mchanganyiko yenye Python na vitu vingine, na mwajiri hana shida na masharti ya Microsoft, VS Code na Pylance, orodha fupi ya plagini zilizokubaliwa, takwimu za matumizi zizimwe kama sera inataka. Mradi mkubwa wa Python tupu, PyCharm, na muwaambie watu mapema kwamba ule mwezi wa Pro utaisha, kwa sababu mtu akizoea zile zana za database ndani ya wiki nne halafu zikafungwa katikati ya kazi ndo hapo malalamiko ya "wameifanya ya kulipia" yanapozaliwa. Mchambuzi wa data anayekaa na majedwali siku nzima, Spyder, isiyopitia hazina ya Anaconda kama shirika ni kubwa na halijalipa. Mtu anayejifunza, Thonny, bila aibu yoyote. Kwenye seva ambako hakuna skrini, Vim, na kila mtu kwenye timu ajue angalau kufungua faili humo, kurekebisha mstari na kutoka.

Na watu wa IT waache kuandika "VS Code: imeruhusiwa" kwenye orodha zao kisha wakaona wamemaliza. Mstari huo unahitaji kusema imepakuliwa kutoka wapi, plagini gani zinaruhusiwa, akaunti ya AI ni ya nani, na nani atasoma masharti yakibadilika. Hilo la mwisho karibu kila mahali halina mwenyewe, na taarifa za mabadiliko zinaishia kwenye barua pepe ya mtu aliyejisajili kwa jina lake, ambaye pengine alishaacha kazi.